Moshi Ambao Devotha Hakuuona

Ujumbe wa Mathias ulimfikia Devotha Jumatatu asubuhi, akiwa maabara ameinamia hadubini. Hakuufungua mpaka alipomaliza kuhesabu vimelea na kuandika majibu ya mgonjwa. Ndipo akavua glavu, akanawa mikono, akasoma: "Jumamosi saa kumi jioni Ngome ya Morvan inafunguliwa. Tuko saba. Mganga wetu yuko wapi?"

Akausoma mara tatu. Kisha akakaa kwenye stuli akiwa na hamu iliyomkaba kama kiu.

Devotha alikuwa mtu wa Muleba, mwenye miaka ishirini na tisa, na alikuwa amehamishiwa kituo cha afya huku Kilindoni, kisiwani Mafia, mwaka uliotangulia, yaani 2018. Alipokuwa chuoni Dar es Salaam, yeye na wenzake saba walizoea kucheza Ardhena, mchezo wa kwenye intaneti ambamo kila mchezaji ana mtu wake anayeishi katika nchi ya kubuni. Mtu huyo hutembea, hujifunza kazi, hufanya biashara na kupigana vita pamoja na watu wa wachezaji wengine kutoka dunia nzima. Wale wanane walijiita Mikono ya Pweza. Mtu wa Devotha aliitwa Koku, naye alikuwa mganga. Katika vita hakuua mtu. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya wenzake na kuwarudishia uhai kila walipojeruhiwa.

Walipomaliza chuo walitawanyika, huyu Dodoma, yule Tanga, mwingine Mbeya, lakini waliendelea kukutana ndani ya Ardhena. Ni Devotha peke yake aliyekatika. Siku aliyovuka kutoka Nyamisati kuja kuripoti kazini, bahari ilikuwa imechafuka na maji ya chumvi yakaingia kwenye begi lake. Kompyuta yake aliizika katika mchele siku tatu, akaianika, akaiombea. Haikuwaka tena.

Na Ngome ya Morvan ilikuwa ikifunguliwa mara moja tu kwa mwaka, kwa saa moja. Vikundi kumi na viwili, kila kimoja watu wanane, viliishambulia kutoka pande zote, na walioishikilia tangu mwaka uliopita waliilinda. Mikono ya Pweza walikwisha jaribu mara nne. Hawakuwahi kuvuka ua wa kwanza.

Jioni ile Devotha alikwenda kumbishia hodi Isdory, jirani yake wa nyumba ya tatu. Isdory alitoka Mbinga, na kazi yake ilikuwa kutunza takwimu za mradi mmoja uliokuwa ukihesabu samaki kwenye matumbawe ndani ya hifadhi ya bahari. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, isipokuwa ukimgusia kompyuta. Devotha alimweleza yote, kisha akamwomba jambo moja: amwekee Windows kwenye kompyuta yake kwa wiki hii tu, kwa kuwa Ardhena ilitengenezwa kwa ajili ya Windows na ile ya Isdory ilikuwa inatumia mfumo mwingine, Linux.

Isdory alikataa palepale. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na hesabu za samaki za miaka miwili, na hakuwa tayari kuzichezea. Devotha alishukuru, akageuka kuondoka. Alikuwa amefika mlangoni Isdory aliposema, "Windows siweki, dada Devotha. Lakini huo mchezo wenyewe niletee. Linux haijasema haiutaki. Hatujaiuliza."

Mchezo ulikuwa mzito mno kushushwa kwa intaneti ya Kilindoni. Kwa hiyo Devotha alimpigia Deusdedit, mwenzao aliyebaki Dar, ambaye usiku uleule alinakili folda nzima kwenye diski ya mkononi. Muuguzi Swabaha, aliyekuwa anarudi kazini kutoka likizo, aliipokea diski ile Mbagala, akaifunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki na khanga juu yake, akavuka nayo akiwa ameipakata kama mtoto. Jumatano alasiri ilikuwa mikononi mwa Devotha.

Walifanyia kazi barazani kwa Bi Arafa, mama mwenye nyumba aliyempangisha Devotha chumba. Haingekuwa vizuri Isdory aingie chumbani kwa msichana, na tena mtandao ulishika pale barazani kuliko ndani. Bi Arafa mwenyewe alikaa kwenye mkeka wake akisuka ukili wa mkeka mwingine, akiwasikiliza kwa sikio moja. Isdory alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akafungua kompyuta.

Alimweleza Devotha kwamba watatumia programu iitwayo Wine. Kazi yake ni kama ya mkalimani. Mchezo utaomba vitu kwa lugha ya Windows, nayo Wine itayapeleka maombi hayo kwa Linux kwa lugha ya Linux, na kurudisha majibu. Mchezo hautajua kuwa uko ugenini.

Bi Arafa akainua kichwa. Alikuwa ameishi na wageni wa bara miaka mingi, na neno lile alilijua. "Mwanangu Devotha," alisema, "humu ndani mwangu hamuingii mvinyo."

Isdory akamhakikishia kwamba ni jina tu la programu, halina chupa wala harufu. Bi Arafa alimtazama kidogo, akarudi kwenye ukili wake. Lakini tangu hapo, kila neno lile lilipotajwa, aliguna.

Mara ya kwanza dirisha lilifunguka likiwa jeupe, likabaki jeupe. Isdory hakushtuka. Aliufungua mchezo upya kutoka kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ambako kompyuta husema wazi kinachoisumbua, na mistari ikateremka kwa mamia. Alipitisha kidole juu yake polepole mpaka akaukuta mstari mmoja: kuna faili mchezo ulilitafuta na haukulipata. Wakalitafuta, wakaliweka. Dirisha likafunguka tena, safari hii lina vitufe na picha, lakini herufi zote zilikuwa vijisanduku vitupu. Devotha akacheka kwa furaha, maana vijisanduku vilikuwa vimekaa palepale alipokumbuka maneno yanakaa. Angeweza kubonyeza akiwa amefumba macho. Jua lilipotua walikuwa wamekwisha pata herufi.

Alhamisi aliomba ruhusa ya kutoka mara tu sampuli za mwisho zilipokwisha, akatembea nyumbani haraka mpaka ushungi wa Swabaha, aliyeongozana naye, ukamvuka kichwani. Aliandika jina lake na neno la siri. Seva ikamkubali. Kisha kioo kikawa cheusi tii, na humo gizani ukaanza muziki.

Ulikuwa muziki wa mji wa Lindara, filimbi na ngoma ndogo, ule uliokuwa ukipigwa kila walipokutana uwanjani kabla ya safari. Devotha aliweka mkono mdomoni. Kwa mwaka mzima hakuwa amejua kwamba anaukumbuka.

"Yuko mle," alimwambia Isdory. "Koku yuko mle ndani, mimi tu simwoni."

Isdory alifikiri. Alisema Wine imeshafanya kazi yake, sasa shida iko kwenye picha. Mchezo unachora kwa namna moja, na kadi ya picha ya kompyuta hii inaelewa namna nyingine. Katika jukwaa moja la wapenzi wa Linux alikuta kifurushi kidogo, ambacho mtu fulani alikitengeneza kwa ajili ya kutafsiri picha za michezo ya aina hii. Kilikuwa cha majaribio. Wakakishusha, wakakiweka, kikakataa. Wakashusha toleo la zamani kidogo, nalo likakataa. Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, wakaweka la tatu.

Kioo kikafunguka rangi. Ulikuwapo uwanja wa Lindara, mawe yake, kisima chake, vibanda vya wauzaji, na katikati ya yote Koku, amesimama na joho lake la kijani na fimbo yake, palepale Devotha alipomwacha mwaka mmoja na miezi miwili nyuma. Devotha akabonyeza kitufe. Koku akapiga hatua.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akazunguka baraza mara mbili, akarudi akakaa, akamtembeza Koku mpaka kisimani na kurudi. Isdory, ambaye hakuwahi kucheza mchezo wowote, alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepata mtoto. Bi Arafa aliacha ukili, akasogea kutazama, akauliza huyo binti wa watu anakwenda wapi peke yake bila kujitanda. Devotha akamjibu kwamba anakwenda vitani, kesho saa kumi.

Jumamosi saa tisa na nusu baraza lilikuwa tayari. Simu iliyoleta mtandao ilining'inizwa kwenye nondo za dirisha ndani ya mfuko, mahali walipogundua kuwa inashika vizuri zaidi. Betri ilikuwa imejaa, umeme ukikatika ingewafikisha mwisho. Devotha akavaa hedifoni, na sauti saba zikamjia kwa pamoja. Mathias, kiongozi wao, ambaye sasa alikuwa mwalimu Dodoma, alilitaja jina lake mara mbili. Mwanaharusi, mpiga mishale wao, aliyekuwa Tanga, alisema sasa yuko radhi kufa, mradi ni mara moja tu.

Saa kumi kamili lango la Morvan likavunjwa, na Mikono ya Pweza wakaingia ua wa kwanza. Huku ndiko walikokuwa wakifia kila mwaka. Devotha alisimama nyuma na kuanza kazi. Deusdedit akapigwa, akamponya. Mathias akapigwa, akamponya. Vidole vilikuwa vinakumbuka vyenyewe. Ndipo Mathias akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindwa, "Wameanza na vyungu vya moshi. Simameni. Mtu asisogee, sioni hata upanga wangu."

Mwanaharusi akasema naye haoni kitu, ni weupe mtupu.

Devotha alitazama kioo. Ua ulikuwa uking'aa kwa jua, wazi kutoka ukuta hadi ukuta.

"Moshi gani?" akauliza.

 Mathias akamwuliza taratibu anaona nini. Devotha akamwambia: anaona tanki la maji kushoto kwao, na nyuma yake wamechuchumaa wapiga mishale watano, wanawasubiri wapite. Mathias hakuuliza la pili. Akaamuru wazunguke kulia, naye Devotha akawaongoza hatua kwa hatua kama mtu anayewashika mkono vipofu, na wale watano wakapigwa kutoka nyuma kabla hawajageuka. Wakasonga. Devotha akaona mtego mwingine chini ya ngazi, akausema. Wakauvuka. Mbele yao lilikuwa lango la ua wa pili, ambalo hawakuwahi kuliona ila kwenye picha za wengine. Mwanaharusi alikuwa anacheka peke yake. Devotha alikuwa amesimama bila kujua, kiti kimeanguka nyuma yake, moyo unakwenda mbio.

Isdory alimwuliza wana nini, na Devotha akamsimulia kwa haraka bila kuondoa macho kwenye kioo. Isdory akainama karibu, akatazama ua ule usio na moshi.

"Ni kile kifurushi cha picha," alisema. "Hakijui kuuchora huo moshi, kimeuruka." Kisha akaongeza, kama mtu anayesoma namba tu: "Kwa hiyo ndani ya ngome nzima anayeona ni wewe peke yako."

Hakusema kwa kulaumu. Hata hivyo Devotha alisikia furaha yake ikipungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alikuwa amefanya kazi maabara miaka mitano. Mara moja mashine iliwahi kumpa majibu mazuri sana ya mgonjwa aliyekuwa hoi, majibu ambayo kila mtu angependa kuwasomea ndugu wa mgonjwa, naye akayatupa kwa sababu alijua mashine ina hitilafu. Majibu hayawi ya kweli kwa kuwa yanapendeza. Alitamani sana kwamba asingelikumbuka jambo hilo kwa dakika thelathini zijazo. Lakini alikuwa ameshalikumbuka.

Akawaambia wenzake. Aliwaeleza kwamba moshi upo, wote wanauona, marafiki na maadui, na kwamba yeye hauoni kwa sababu ya kasoro kwenye kompyuta anayotumia.

Wakabishana, na saa inakwenda. Deusdedit alisema mtu huona anachoona, na hakuna aliyeufuta moshi kwa makusudi. Mwanaharusi, ambaye alikuwa akicheka muda mfupi uliopita, alisema kwamba kama ni wale wengine ndio wenye mtu wa namna hii, wao Mikono ya Pweza wangekuwa wa kwanza kupiga kelele za wizi. Mtu mmoja akasema wamengoja miaka mitano.

"Zimebaki dakika ngapi?" Mathias akauliza.

Ishirini na sita.

"Rudini langoni. Tunaanza upya."

Wakaacha lango la pili mbele yao, wakarudi kwa miguu mpaka walipoingilia. Devotha aliwaona wakigeuka mmoja mmoja, hata Deusdedit, na akawapenda kuliko siku yoyote.

Ikabaki shida moja: macho yake. Hangeweza kujizuia kuona. Akamwambia Isdory kwamba anachohitaji ni ule ukingo wa kushoto wa kioo tu, penye mistari minane inayoonyesha uhai wa kila mmoja wao. Hayo mengine yote yazibwe. Isdory akatazama huku na huku, hakuona kitu cha kufaa. Bi Arafa, ambaye kwa muda wote huo alikuwa ameshika ukili bila kusuka, alichukua kipepeo chake kikubwa cha minyaa, kile alichokuwa akipepelea jiko, akampa. "Ziba," akasema.

Isdory akakishika kipepeo mbele ya kioo kwa mikono miwili. Na Devotha akapigana hivyo, haoni ua, haoni adui, haoni hata Koku mwenyewe. Aliona mistari minane na kusikia sauti saba, naye Koku alimfuata Mathias kwa amri ya kitufe kimoja. Walikwenda wakiwa wamegusa ukuta, wakiitana majina. Mstari wa Mwanaharusi uliposhuka ghafla, Devotha aliunyanyua. Wa Mathias ukafika chini kabisa, ukawa mwekundu, akaushika pale kwa dawa tatu mfululizo, huku Mathias akipiga kelele kwamba bado amesimama, bado amesimama. Mstari wa Deusdedit ulizimika na haukurudi. Ukazimika mwingine. Bi Arafa alikuwa amesimama nyuma ya Devotha, akiuliza huyu nani, na huyu nani, na yuko hai au vipi, na kila Devotha alipoponya mmoja aliitikia kwa kumshukuru Mungu. Jasho lilimtiririka Isdory mpaka kidevuni na hakuweza kulifuta.

Wakavuka. Mathias ndiye aliyepapasa mlango wa ua wa pili kwa mkono, na upande wa pili hapakuwa na moshi. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Ngome yenyewe ilikuwa mbali, lakini mnara wa mashariki, ambao nao ulikuwa na alama zake, ulikuwa karibu, na Mwanaharusi akapanda ngazi zake akiwa na mshale mmoja uliobaki na mstari wa uhai ambao Devotha alikuwa anaulisha kila sekunde. Bendera ya Mikono ya Pweza ikapanda. Tarumbeta ya mwisho ikalia.

Isdory akateremsha kipepeo, nao wakaiona, pweza wa zambarau anapepea juu ya mnara. Ngome ilitwaliwa na kikundi kingine. Mikono ya Pweza walikuwa wa tatu kati ya kumi na viwili. Katika hedifoni watu saba walikuwa wanazungumza kwa wakati mmoja na hakuna aliyekuwa anasikiliza. Devotha alilia na kucheka, akamkumbatia Bi Arafa, na Isdory akakaa sakafuni akinyoosha mikono iliyokufa ganzi.

Kesho yake, Devotha aliporudi kutoka kanisani, waliandika barua mbili pamoja. Moja ilikwenda kwa wenye mchezo, ikieleza kilichotokea na dakika walizocheza bila moshi. Ya pili ilikwenda kwa yule mtengenezaji wa kifurushi, ikiwa na picha za kioo na ile mistari ya dirisha jeusi. Wenye mchezo walijibu kwa sentensi mbili za kuwashukuru, na nafasi ya tatu wakawaachia. Yule wa kifurushi alijibu siku ileile akiwa na maswali kumi na moja. Kwa alasiri tano walimjaribia matoleo yake moja baada ya jingine barazani pale, na kila mara Devotha alimpeleka Koku kuvunja chungu cha moshi ili waone kama utatokea. Siku ya tano ulitokea, mwingi, mweupe, na Koku akagonga ukuta. Toleo lililorekebishwa lilipotangazwa, chini kabisa palikuwa na majina ya waliosaidia, na mawili kati yake yalifuatwa na neno Mafia. Isdory aliuchapa ukurasa ule na kuubandika juu ya meza yake ya kazini, kando ya chati ya samaki.

Wiki iliyofuata alikuja barazani na kompyuta, akakohoa, akamwuliza Devotha ikiwa mtu mgeni kabisa anaweza kuanza. Walimtengenezea mtu wake. Jina lilitolewa na Bi Arafa, aliyesema aitwe Mfaume, kwani lilikuwa jina la marehemu kaka yake na yule alikuwa shujaa kweli. Siku ya kwanza Mfaume aliuawa mara nane, sita kati ya hizo na nguruwe pori mmoja nje ya lango la Lindara. Mara ya tisa akamshinda, akasimama juu yake akihema, na Koku akaja mbio kumganga.